Hospitali ya saa nane usiku: kuchagua mahali pa kujifungulia Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Ukienda kuitazama hospitali saa nne asubuhi, karibu kila moja inapendeza. Sakafu imepigwa deki, wauguzi wanne wako kwenye dawati, daktari anapita kitanda kwa kitanda. Uchungu hausubiri asubuhi. Kwa hiyo mama mjamzito na watu wake waanze na swali hili: ikiwa ni saa nane usiku wa Jumapili, stima imepotea, mama anavuja damu au mtoto amekwama njiani, hapa kuna nani, na ana nini mkononi? Rangi ya ukuta, chumba cha peke yako na chai ya maziwa vipimwe baada ya swali hilo kujibiwa.

Kuna jambo la pili ambalo familia nyingi huliruka. Usichague hospitali moja, chagua mbili: ile utakayojifungulia, na ile utakayopelekwa mambo yakigeuka. Ujue majina yote mawili, barabara ya kuendea, na nani atakayekubeba.

Ngazi, na kila ngazi inaweza nini

Vituo vya afya Kenya vimepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ya 3, hospitali ya kaunti ndogo ni ya 4, hospitali kuu ya kaunti ni ya 5, na ya 6 ni hospitali ya rufaa ya taifa kama Moi ya Eldoret, yenye hospitali yake ya mama na mtoto iitwayo Riley. Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia, na Hospitali ya Kaunti iliyo mjini. Nakuru kuna hospitali kuu ambayo wengi wanaijua kama PGH, yenye jengo la mama na mtoto la Margaret Kenyatta. Kakamega, Bungoma na Kisii nazo zina hospitali kuu za kaunti. Katikati zimo hospitali za misheni kama Maseno, Nyabondo, Mukumu na Mumias. Hizi za misheni ziweke akilini hata kama huna mpango nazo. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano, na wa madaktari mwaka 2024 ulichukua siku 56. Siku kama hizo wadi za serikali hufungwa au hubaki na watu wachache mno.

Kituo chochote kinachozalisha, hata kidogo, kinapaswa kuweza mambo saba: kuchoma sindano za antibayotiki, kutoa dawa za kukaza mji wa mimba, kutoa magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono likikataa kushuka, kusafisha mabaki yaliyosalia tumboni, kumsaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta, na kumpumulisha mtoto asiyelia kwa mfuko na barakoa. Hospitali kamili huongeza mawili: upasuaji na kuongeza damu.

Mama mwenye mimba isiyo na tatizo anaweza kujifungua salama kwenye kituo cha ngazi ya 3 chenye mkunga aliyefunzwa, mradi njia ya kufika kwenye upasuaji ni fupi na inapitika. Lakini panga moja kwa moja mahali penye thieta, yaani chumba cha upasuaji, na damu ikiwa umewahi kupasuliwa, una mapacha, mtoto amekaa matako chini baada ya wiki ya 36, presha imefika 140/90, uzazi uliopita ulivuja damu sana, umeshazaa mara tano au zaidi, damu yako ni ya resus hasi (kundi lenye alama ya kutoa), una kisukari, au una selimundu, ugonjwa ambao ukanda wa ziwa unaujua vizuri. Upungufu mkubwa wa damu pia uko humo. Mama mwenye himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 7 hana akiba: damu ambayo mwenzake angeipoteza akabaki ameketi inaweza kumuua yeye.

Jihadhari na nyumba za kukodi zenye kibao cha wadi ya wazazi barabarani. Leseni ya Baraza la Madaktari, KMPDC, hubandikwa ukutani na huonyesha ngazi ya kituo. Isome, na uangalie kama muda wake haujaisha.

Ziara: nenda kati ya wiki ya 28 na ya 34

Nenda mara mbili ukiweza, mara moja mchana na mara moja baada ya saa mbili usiku. Usiulize "mna daktari?" Utajibiwa ndiyo, na jibu hilo halikusaidii. Uliza: "Usiku anayepasua analala hapa au anaitwa kutoka nyumbani? Akiitwa, hufika baada ya dakika ngapi?" Kisha uliza kuhusu mtaalamu wa nusukaputi. Hapa ndipo hospitali nyingi ndogo hukwama. Daktari yupo, thieta ipo, vifaa vimechemshwa, lakini mtu wa kulaza ni mmoja na anahudumu hospitali tatu. Lengo linalojulikana kwa upasuaji wa dharura ni dakika 30 tangu uamuzi ukatwe hadi mtoto atolewe. Ukiambiwa "saa moja au mbili hivi", basi hapo si mahali pa mwenye kovu la upasuaji.

Omba kuona friji ya dawa. Oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba, huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikikaa kwenye kabati wakati wa joto la Kisumu hupoteza nguvu polepole, na hakuna atakayegundua kwa kuitazama. Itagundulika pale mama anapochomwa na damu isikome. Friji nzuri ina kipimajoto ndani na karatasi mlangoni inayojazwa asubuhi na jioni. Ikiwa karatasi haijaandikwa kitu kwa wiki tatu, umeshapata jibu. Hapo hapo uliza kama jenereta huwaka yenyewe au kuna mtu wa kuiwasha, na kama ina mafuta.

Damu nayo: iko kwenye friji hapo hapo, au hutumwa mtu kuichukua? Vituo vya damu vya kanda viko Kisumu, Nakuru na Eldoret, kwa hiyo hospitali ya mbali hutegemea gari na barabara. Wajue mapema ndugu wawili au watatu wenye afya walio tayari kutoa damu. Hata isipokuwa ya kundi lako, hujaza pengo la ile utakayopewa.

Mwisho wa ziara, tazama meza ya mtoto kwenye chumba cha kuzalia. Inatakiwa iwe na taa ya joto au kipasha joto, mfuko wa kupumulishia, na barakoa mbili, ya mtoto wa kawaida na ya njiti. Mtoto asiyepumua anahitaji hewa ndani ya dakika moja ya kwanza. Mfuko uliofungiwa kwenye stoo ya ofisa aliyekwenda nyumbani hauwezi kumfikia kwa dakika hiyo. Uliza pia watoto njiti hupelekwa wapi, kama kuna oksijeni na taa ya kutibu manjano, na kama akina mama hufundishwa kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi.

Barabara ipimwe kwa msimu. Uwanda wa Kano, kuanzia Ahero hadi Nyando, hufurika mvua za Aprili na Mei, na njia iliyokuwa ya dakika 20 hufungwa kabisa. Wanaoishi Mfangano na visiwa vingine hutegemea mashua, na ziwa likichafuka usiku mashua haziondoki. Wa Kuresoi na Olenguruone wana matope yao. Tarehe yako ikiangukia humo, hamia kwa shangazi au dada aliye karibu na hospitali kuanzia wiki ya 38. Bodaboda humfaa mama anapoanza uchungu na hali ni shwari. Haimfai anayevuja damu au aliyepata kifafa: huyo anahitaji kulala ubavu, na mtu wa kumshika.

Fedha na SHA

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, na mpango wa uzazi wa Linda Mama ukawa Linda Jamii. Jisajili kwa kubonyeza *147# ukiwa na kitambulisho. Asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, isipungue Sh300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kwa hiyo ni Sh3,600. Wengi hujisajili wakadhani wamemaliza, kisha wanaambiwa dirishani kwamba mchango haujalipwa. Jisajili na ulipe mimba ikiwa changa, na uhakikishe hali yako kwa simu ile ile kabla ya wiki ya 36.

Viwango vilivyotangazwa ni Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hospitali binafsi inaweza kudai zaidi ya hapo, kwa hiyo omba iandikwe kwenye karatasi: SHA inalipa kiasi gani, wewe unaongeza kiasi gani, na hesabu ikoje ikiwa mpango wa kawaida utageuka kuwa upasuaji. Bili inayoshtua watu zaidi ni ya mtoto akilazwa wadi ya watoto wachanga, maana huyo ni mgonjwa wa pili. Na hata penye huduma ya bure, dawa ikikosekana utatumwa duka la dawa. Weka pesa kidogo kwenye simu ya atakayekusindikiza, si kwenye yako.

Kliniki

Nenda kabla ya wiki ya 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka ziara nane. Kwenye ile ya kwanza utapimwa himoglobini, kundi la damu na resus, kaswende, virusi vya ukimwi na mkojo. Utapewa kitabu cha Mama na Mtoto, na vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kumeza kila siku. Skani moja kabla ya wiki ya 24 ndiyo inayotoa tarehe ya kuaminika. Ukiwa ukanda wa ziwa au magharibi, malaria ni jambo la kila ziara: utapewa neti, na kuanzia wiki ya 13 utameza vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, mbele ya nesi, kila dozi ikipishana na nyingine kwa wiki nne au zaidi. Nakuru haimo katika mpango huo wa SP. Anayetumia Septrin kila siku hapewi SP, kwa hiyo aseme.

Kitabu hicho usikiache nyumbani hata siku ukienda sokoni. Mkunga asiyekujua, saa nane usiku, atakujua kupitia kitabu.

Siku ya uchungu

Usisubiri uchungu ikiwa damu inatoka, chupa imevunjika, kichwa kinauma vibaya na macho yana ukungu, uso umevimba, una homa, au mtoto amepunguza kucheza. Nenda saa hiyo hiyo.

Ukifika utapimwa presha, joto na mpigo wa moyo, tumbo litashikwa, moyo wa mtoto utasikilizwa, na njia itapimwa. Uchungu wenyewe huhesabiwa kuanzia njia ikiwa imefunguka sentimita 5. Ukiwa na 2 au 3 unaweza kuambiwa urudi nyumbani. Kwa anayekaa mtaa wa mjini kama Milimani au Section 58 ni sawa. Kwa aliyetoka mbali, omba ubaki kwenye benchi au utembee uwanjani, na useme wazi umetoka wapi.

Kuanzia hapo kuna karatasi inayojazwa kando ya kitanda chako, na inafaa mtu wako aifahamu. Moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na unapoanza kusukuma, kila dakika 5. Unatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Njia hupimwa kila saa nne. Kupimwa kila saa na kila mwanafunzi anayepita hakuna faida, na kunaongeza hatari ya maambukizi. Mama wa mimba ya kwanza kwa kawaida hamalizi zaidi ya saa 12 tangu sentimita 5, na aliyewahi kuzaa saa 10. Saa mbili zikipita bila mtu kuja kusikiliza moyo wa mtoto, msindikizaji aende dawatini kwa heshima na kuuliza: "Sista, samahani, mtoto alisikilizwa mara ya mwisho saa ngapi?" Swali hilo huamsha watu bila ugomvi.

Kunywa chai au uji, tembea, jisaidie mara kwa mara, lala ubavu. Hakuna haja ya kulala chali. Kukatwa njia si jambo la kila mama, na mtu kulikandamiza tumbo lako kwa kiwiko ili mtoto atoke ni hatari: mji wa mimba unaweza kupasuka. Hatari hiyo hiyo ipo kwa manyasi na dawa nyingine za mitishamba za kuongeza uchungu. Ukiwa umekunywa kitu nyumbani, hata kama ni mama mkwe aliyekupa kwa nia njema, mwambie mkunga kabla hajakutundikia dripu ya uchungu. Viwili hivyo vikikutana mji wa mimba unaweza kubanwa bila kupumzika, mtoto akakosa hewa.

Ukiambiwa ni upasuaji, uliza sababu, kisha utie sahihi. Ondoka siku ya mwisho ukiwa na sababu hiyo na aina ya kovu vimeandikwa kitabuni, kwa sababu ndivyo vitakavyoamua kama mimba ijayo unaweza kujaribu njia ya kawaida.

Saa mbili za kwanza

Hapa ndipo akina mama wengi hupotelea, huku watu wa nyumbani wanapiga simu za furaha. Ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mama anachomwa oksitosini vizio 10 pajani. Kitovu husubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kufungwa. Mtoto hupanguswa, huwekwa kifuani uchi, hufunikwa, na hunyonya ndani ya saa moja. Kondo la nyuma likitoka hukaguliwa kama limekamilika.

Zamani damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya: ikinywewa na pamba na leso, lita moja huonekana kama vikombe viwili. Siku hizi baadhi ya wadi zina plastiki inayotandikwa chini ya matako ya mama, yenye mfuko uliochongoka unaoning'inia ukingoni mwa kitanda. Damu yote hushuka humo, na mfuko una mistari ya kupimia. Ikifika mililita 300 na mama anaonyesha dalili nyingine, au 500 hata bila dalili, timu huanza yote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki gramu moja, dripu, na kutafuta chanzo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi nne, ulionyesha kwamba mpango huu hupunguza uvujaji mkubwa wa damu kwa asilimia 60. Kwenye ziara yako, uliza kama wanaitumia plastiki hiyo.

Msindikizaji asimwache mama peke yake saa hizo mbili. Aguse chini ya kitovu cha mama: mji wa mimba unatakiwa kuwa mgumu kama chungwa bichi. Ukiwa laini kama unga wa chapati uliokandwa, au mama anasema anasikia kizunguzungu na anaona giza, au pedi nene imelowa chapachapa kabla ya saa moja, aite mkunga kwa sauti.

Mtoto hupewa vitamini K, dawa ya macho, chanjo ya kifua kikuu (BCG) na matone ya polio. Usimwogeshe kabla ya saa 24. Baki hospitalini angalau saa 24 nawe, hata kama kitanda kinagombewa. Kurudi ni ndani ya siku tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita.

Ukitendewa vibaya

Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliagiza mama aliyejifungulia sakafuni na kutukanwa hospitalini alipwe Sh milioni 2.5. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kumzuilia mama kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo kama umepigwa, umetukanwa au umezuiwa, andika tarehe, saa na zamu. Anza na msimamizi wa wadi, kisha idara ya afya ya kaunti. Kama ni mtu binafsi aliyekukosea, nenda Baraza la Wauguzi au KMPDC.

Kabla ya kutoka langoni, dai karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, maana bila hiyo cheti cha kuzaliwa huwa safari ndefu. Kusajili kunatakiwa kufanywe ndani ya miezi sita. Isome hapo hapo dirishani, herufi kwa herufi, jina la mtoto na majina ya wazazi yafanane na vitambulisho. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa dakika mbili ukiwa bado umesimama hapo.